Maswali ya Wasomaji: Intaneti Ikikushika, Utajuaje?

Kati ya barua nilizozipokea tangu toleo lililopita, tatu zinauliza jambo moja kwa njia tatu tofauti, nami nimeona nizijibu kwa pamoja. Waandishi wake hawamlalamikii mume, mtoto wala jirani. Kila mmoja anajitilia shaka mwenyewe, na kwa kuwa nyani haoni kundule, mtu anayejitahidi kuliona lake anastahili jibu refu. Majina nimeyaacha kama walivyoomba.

*

Mshauri, pole na kazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, karani wa ofisi, nina mume na watoto wawili, naishi Morogoro. Kwa takriban miaka miwili sasa, kila usiku nikishawalaza watoto najiambia niperuzi dakika kumi tu, kisha nashtuka ni saa saba na bando limekata. Mume wangu alipoanza kulalamika, nikawa naingia bafuni na simu na kufungulia bomba ili adhani ninaoga. Wiki iliyopita nimegundua jambo lililoniumiza zaidi. Mtoto wangu mdogo, mwenye miaka minne, akitaka kuniambia kitu huja akasimama kando yangu kimya, akakitazama kioo cha simu badala ya kunitazama usoni, na mwanga ukizimika ndipo anaposema. Hakuna aliyemfundisha. Kazini sijawahi kukosa, sidaiwi na mtu, wala siangalii mambo machafu. Ni video fupi, mapishi, ugomvi wa wasanii na makundi ya akina mama wenzangu. Je, huu ni uraibu au ni mazoea tu? Nitajuaje?

Karani, Morogoro

Dada yangu, wengi wanaoniuliza swali hili huanza kwa kutaja saa: saa tatu, saa sita, saa tisa kwa siku. Wewe hukuanza hapo, na umefanya vyema, kwa sababu wingi wa saa ni kipimo kinachopotosha. Mama anayeuza vitenge kwa simu anaweza kushinda mtandaoni tangu asubuhi hadi magharibi, akijibu wateja na kupiga picha za mzigo mpya, kisha akaiweka simu kabatini na kwenda kukuna nazi bila kuikumbuka tena. Mwingine hutumia saa mbili tu kwa siku, lakini saa hizo mbili amezitoa katika usingizi wake, naye amejaribu mara kumi kuziacha akashindwa. Kati ya hao wawili, mimi nitamhofia huyo wa pili.

Jambo hili si geni kama tunavyodhani, wala halikuanza na simu janja. Mwaka 1996, mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Kimberly Young aliandika kisa cha mtu aliyenaswa na intaneti, na mtu huyo hakuwa kijana wa kompyuta kama wengi walivyotarajia. Alikuwa mama wa nyumbani mwenye umri wa miaka 43, asiyekuwa na ujuzi wowote wa teknolojia, aliyekuwa na maisha ya kawaida na asiyewahi kuwa na uraibu wa kitu kingine, akajikuta anatumia hadi saa 50 au 60 kwa wiki katika vyumba vya kuchati. Nimekitaja kisa hiki kwa sababu unajitetea katika barua yako kwa kusema kwamba huangalii mambo machafu na kazini hukosi. Mama yule naye hakuingia kutafuta uovu wowote. Alichokuwa akikitafuta ni maongezi.

Baadaye, mwaka 1998, Young alichapisha maswali manane aliyoyatohoa kutoka katika vigezo vya kuwatambua watu waliotekwa na kamari, akapendekeza kwamba anayejibu ndiyo kwa matano au zaidi aone kwamba ana tatizo la kushughulikiwa. Nitayapitia pamoja nawe, tukiwa na barua yako mkononi. Je, unaiwaza intaneti hata usipokuwa mtandaoni, ukikumbuka ulichokiona au ukingojea utakachokiona? Je, unahitaji muda mrefu zaidi kuliko zamani ili uridhike? Je, umejaribu mara kadhaa kupunguza ukashindwa? Je, ukijizuia unakuwa mkali, mnyonge au huna utulivu? Je, unakaa mtandaoni kuliko ulivyokusudia? Hili la tano umelijibu mwenyewe kwa zile dakika kumi zinazofika saa saba za usiku. Je, umehatarisha uhusiano, kazi au masomo kwa ajili yake? Je, umewadanganya watu wako wa karibu ili kuficha kiasi unachotumia? Na mwisho, je, unaukimbilia mtandao ili usahau tatizo, hatia, wasiwasi au huzuni?

Maswali hayo si kipimo cha damu kinachotoa jibu moja lisilopingika. Hata hivyo, kama ningeambiwa niyafute saba na kubakiza moja, ningebakiza lile la uongo. Kwa miaka niliyokaa na watu wenye shida za namna hii nimeona kwamba mtu hujidanganya kwa urahisi sana kuhusu muda, kuhusu usingizi, hata kuhusu furaha anayoipata, lakini mwili wake unajua anachokificha. Mtu haoni haya kwa kitu anachokimiliki. Anapoanza kugeuza kioo mtu akipita, kufuta historia ya kurasa alizozitembelea ingawa hazina ubaya wowote, au kusema “nilikuwa najibu ujumbe wa ofisini” wakati hakuna ujumbe wa ofisini, basi sehemu fulani ndani yake imekwisha kutoa hukumu ambayo yeye hajawa tayari kuisikia. Kwa hiyo bomba ulilolifungulia bafuni linaniambia mengi kuliko saa saba za usiku. Maji yale yalikuwa yakimwagika bure ili wewe usisikike ukiwa kimya.

Usijihukumu kwamba huna akili au huna mapenzi kwa wanao. Vitu unavyoviangalia vimetengenezwa visiwe na mwisho. Gazeti lilikuwa na ukurasa wa nyuma, na redio ilikuwa ikifunga matangazo yake usiku, hivyo msomaji na msikilizaji wote walifika mahali ambapo iliwabidi waamue kufanya jambo jingine. Mwaka 2006 mbunifu mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni namna ya kuufanya ukurasa ujiongeze wenyewe kila msomaji anapofika chini, na kwa miaka ya hivi karibuni amekuwa akisema hadharani kwamba anajutia jinsi ubunifu huo ulivyotumika. Mfikirie mvuvi wa mshipi aliye peke yake katika ngalawa. Kama kila akitupa ndoana angepata samaki, angejaza kapu na kurudi pwani mapema. Kama asingepata kabisa, angekata tamaa na kurudi vilevile. Kinachomfanya akeshe ni kwamba mara anavuta ndoana tupu, mara kisamaki cha kutupwa, mara changu mnene, naye hawezi kujua utupaji ujao utaleta nini. Kidole chako kinachosukuma video juu kinafanya kazi ya mshipi ule, isipokuwa bahari yake haina kupwa.

Umeuliza kama huu ni uraibu. Ninapaswa kukujibu kwa uangalifu, kwa sababu hata wataalamu hawajakubaliana. Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, katika kitabu chake cha vigezo cha mwaka 2013, kiliyaweka matatizo ya michezo ya intaneti katika sehemu ya mambo yanayohitaji utafiti zaidi. Shirika la Afya Duniani nalo limeyatambua matatizo ya michezo ya kidijitali kuwa maradhi kamili, katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, kwa sharti kwamba mtu awe ameshindwa kujizuia, ameupa mchezo kipaumbele kuliko mambo mengine ya maisha, na ameendelea nao ingawa unamdhuru, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Uraibu wa intaneti kwa ujumla wake haumo katika orodha hiyo kama ugonjwa wenye jina lake. Lakini yachukue yale masharti matatu, yaondoe katika michezo na uyaweke kwenye simu yako, kisha ujiulize ni lipi kati yake usilolitambua. Jina la ugonjwa ni kazi ya madaktari; mtoto anayengojea mwanga uzimike ni wako.

Ninakuomba ufanye jambo moja kabla ya kubadilisha lolote. Nunua daftari dogo, na kwa muda wa siku saba, kila unapoichukua simu bila sababu ya kazi, andika saa na neno moja la hali uliyokuwa nayo kabla ya kuishika: nimechoka, nimenuna, nina upweke, naogopa kesho, sina la kufanya. Usijizuie wiki hiyo, andika tu. Simu yenyewe, katika mipangilio yake, itakuonyesha saa ulizotumia kwa kila programu, nawe utazilinganisha na ulivyodhani. Wengi hushtushwa na saa, lakini faida iko katika yale maneno. Ukikuta kwamba neno moja limejirudia mara ishirini, utakuwa umepata mahali halisi pa kuanzia, maana huenda simu ni bandeji tu juu ya kidonda kingine. Uraibu wa namna hii mara nyingi huambatana na sonona au wasiwasi uliopitiliza, na mtu anayetibu simu peke yake akauacha ugonjwa wa chini hurudi palepale.

Baada ya wiki hiyo, simu na ilale sebuleni kwenye chaja, nawe ununue saa ya mezani ya kukuamsha, kwa kuwa kisingizio cha kwanza cha kila mtu ni kwamba anaihitaji simu kwa ajili ya kuamka. Mweleze mume wako habari ya bomba. Najua ni zito, lakini siri hiyo ndiyo inayolishikilia jambo zima, na ukishaisema utakuwa umepoteza maficho yako kwa faida yako mwenyewe. Ukiteleza usiku mmoja, andika katika daftari na uendelee. Na kama baada ya wiki nne au sita za kujitahidi kwa kweli bado unashindwa, au ukiona usingizi, hamu ya kula na furaha vimekutoka hata bila simu, nenda katika kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya mkoa wako. Hutapewa kidonge cha kuacha intaneti, kwa sababu hakuna dawa iliyoidhinishwa kwa ajili hiyo. Tiba inayotumika zaidi ni ya mazungumzo, ambayo humsaidia mtu kuzitambua fikra zinazomtuma kwenye kioo na kujizoeza njia nyingine.

*

Shikamoo Mshauri. Nina miaka 22, nasoma chuo Dodoma. Mwezi uliopita kioo cha simu yangu kilipasuka, nikakaa siku sita nikitumia kitochi cha kuazima. Siku mbili za kwanza nilikuwa mkali kwa kila mtu, usingizi hauji, nasikia simu inatetemeka mfukoni kumbe mfuko ni mtupu. Wenzangu chumbani walinicheka wakisema nina arosto kama teja. Siku ya nne nilitulia, nikasoma kurasa nyingi kuliko nilizosoma muhula mzima. Simu ilipotengenezwa, usiku uleule nilirudi mtandaoni hadi alfajiri. Je, mtu anaweza kupata arosto bila kutumia dawa za kulevya? Nakiri pia kwamba ninabeti, na kila mkeka ukichanika nasema huo ulikuwa wa mwisho.

Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba, mwanangu. Neno arosto limetoka kwa watu waliotumia heroini, na kwao lina maana ya maumivu ya viungo, kutapika, kuharisha na baridi isiyokwisha, kwa hiyo tusilichukulie kirahisi. Wewe hukupata hayo. Ulichokipata ni ukali, kukosa utulivu na kukosa usingizi, hali ambazo wataalamu huzihesabu katika dalili za uraibu wa tabia, na ambazo kwa kawaida hupungua baada ya siku chache kama ulivyojionea. Hazina hatari kwa mwili kama ya mlevi sugu aliyekatishwa pombe ghafla, ambaye anaweza hata kufa asipokuwa chini ya uangalizi wa daktari. Ule mtetemo wa mfuko mtupu usikutishe kabisa. Huwapata watu wengi wasio na uraibu wowote, maana ubongo uliozoea kungoja ishara huisikia hata isipokuwepo.

Dalili yako kubwa naiona katika usiku ule simu ilipotoka kwa fundi. Mwanasaikolojia wa Uingereza, Mark Griffiths, alipoandika mwaka 2005 juu ya sehemu sita zinazojenga uraibu wa kila aina, alitaja jambo kuitawala akili, kubadilisha hisia, kuhitaji kipimo kinachoongezeka, kuteseka unapokikosa, kugombana na watu na nafsi yako, na ya mwisho ni kurudi. Mtu wa mazoea ya kawaida akiachishwa siku sita hurudi polepole. Wewe ulirudi kwa usiku mmoja hadi kiwango cha zamani. Lakini zitunze siku zile tatu za mwisho za kitochi, kwa sababu unao ushahidi, ambao wengi hawana, kwamba akili yako bado inaweza kusoma na kutulia. Wengi wanaokuja kwangu wameshasahau kabisa jinsi utulivu ulivyo.

Habari ya mkeka uliiweka mwishoni mwa barua, kwa sentensi moja, kama mtu anayepitisha mzigo chini ya meza. Mimi nimeisoma kwanza. Kamari haina utata ule nilioueleza kuhusu intaneti: katika kitabu kilekile cha mwaka 2013 imewekwa katika fungu moja na pombe na dawa za kulevya. Kwa hiyo tenganisha mambo mawili. Simu ni mlango tu, na aliyemo chumbani ni kamari. Jiulize kama unabeti ili kurudisha ulichopoteza jana, kama umeongeza dau ili usisimke kama mwanzo, kama umekopa kwa simu au umetumia ada, na kama kuna mtu nyumbani anayeamini kwamba pesa hiyo ilinunua vitabu. Ukijibu ndiyo hata kwa moja, usingoje matokeo ya mechi ya Jumamosi.

Anza kwa mshauri wa wanafunzi chuoni kwako. Ukihitaji zaidi, Hospitali ya Mirembe, ya magonjwa ya akili, iko mjini hapohapo, nayo huhudumia pia watu wanaokuja asubuhi na kurudi makwao mchana. Najua jinsi jina hilo linavyotumiwa kutania watu, na utani huo umewazuia wengi kupata msaada waliouhitaji. Usikubali ukuzuie na wewe. Na kama madeni yamewahi kukufanya uwaze kujitoa uhai, mwambie mtu leo hii, hata kama ni yule mwenzako aliyekucheka.

*

Assalaam alaykum Mshauri wetu. Niko Muscat mwaka wa tatu, nafanya kazi za ndani. Wanangu wawili wako Tanga kwa mama yangu. Nikimaliza kazi saa nne ya usiku wa hapa, ambayo kwao ni saa tatu, naongea nao kwa video mpaka wasinzie. Bibi wa nyumba ananiambia nimekuwa mraibu wa simu. Lakini ukweli ni kwamba watoto wakilala mimi silali. Naingia kwenye laivu za watu nisiowajua, nakaa humo mpaka karibu na alfajiri, na wakinitaja jina nawatumia zawadi za kununua kwa pesa. Mwezi uliopita nilipunguza ya nyumbani, nikamwambia mama mshahara umechelewa. Je, ni kweli mimi ni mraibu?

Mama wa wawili, Muscat

Waalaykum salaam, mwanangu. Bibi wa nyumba anaona simu moja mkononi mwako, wala hana namna ya kujua kwamba ndani yake mna mambo mawili. Saa unayowatazama wanao wakisinzia si uraibu, na mtu yeyote asikuondolee kwa neno hilo. Mama aliye mbali na watoto wake kwa miaka mitatu akiishika simu kwa mikono miwili anafanya anachopaswa kufanya.

Saa inayofuata ni nyingine kabisa, nawe mwenyewe ulizitenganisha kwa neno “lakini”. Katika laivu zile kuna mtu anayelitaja jina lako mbele ya wengine, akakushukuru na kukukaribisha, na kwa mtu ambaye tangu asubuhi ameitwa kwa ajili ya kutumwa tu, jambo hilo ni kama maji kwa mwenye kiu. Sikulaumu kwa kuyatamani. Ila hutajwa unapolipa, na malipo yanatoka kwenye sahani za wanao. Hapo kuna kukaa kuliko ulivyokusudia, kuna madhara unayoyaona na bado unaendelea, na kuna uongo kwa mama yako. Kwa saa ile ya pili, ndiyo, dalili zote za kutosha unazo.

Ondoa kwanza njia ya malipo: futa kadi au akaunti uliyoiunganisha na programu ile, ili kutuma zawadi kuwe kazi ndefu badala ya mguso mmoja. Kisha tafuta sauti ya kuijaza saa ile, isiyolipiwa. Muscat imejaa watu wanaozungumza Kiswahili, wakiwemo Waomani wenyewe ambao wazazi wao walikulia Zanzibar, na huenda msikitini au sokoni yupo mtu wa kukuita kwa jina siku yako ya mapumziko. Usiku wa leo, watoto wakishasinzia, mwombe mama asikate. Mwambie kwamba mshahara haukuchelewa.